Je, Kupanua Ghala ni Choyo?

Wasomaji wetu, walimu kadha wa makanisa ya mjini Morogoro, na wengine wa vijiji vya milima ya Uluguru, wametuletea swali ambalo kwanza laonekana kuwa la watoto. Kadiri tulivyolifikiri tumeona ya kuwa lawahusu watu wazima zaidi. Swali lenyewe ni hili: Vijana wengi siku hizi hucheza mchezo wa kompyuta ambao ndani yake mtu huendesha merikebu ya angani, huzunguka kati ya nyota, huokota mali za kila namna, na kazi yake kubwa ni kupanga shehena ndani ya merikebu ile na kulipanua ghala lake, leo kidogo na kesho kidogo, pasipo kufika mwisho. Je, mchezo huu hauwafundishi choyo? Na yule tajiri wa katika mfano, aliyeazimu kuyavunja maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, si yeye yule, ila amevikwa vazi la kurukia angani?

Twataka kulijibu, lakini si kwa haraka. Maana ni desturi ya wengi wetu, tukisikia neno ghala na neno kupanua yakitajwa pamoja, kutoa hukumu mara moja. Nasi twaona ya kuwa hukumu hiyo imewaangukia mara nyingi watu wasiostahili. Wala hatusemi vijana wa mjini tu, bali hasa wakulima wa milima yetu. Lakini na tuanze na mchezo wenyewe, kwa ajili ya wale wasioujua.

Michezo ya namna hii ni mingi. Mmoja unaojulikana sana huitwa No Man's Sky. Ulitengenezwa na kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games ya mji wa Guildford, ukatolewa mwaka 2016. Sayari zilizomo ndani yake ni nyingi hata hesabu yake huandikwa kwa tarakimu 20, wala hakuna mtu atakayezimaliza. Mchezaji huanza akiwa maskini, katika sayari asiyoijua, na merikebu yake imeharibika. Ana vazi la safari lenye vijumba vichache vya kuwekea vitu, na merikebu yenye vijumba vichache vile vile. Kila kijumba hupokea kitu cha namna moja tu, tena kwa kiasi kilichowekwa. Asafiripo huhitaji oksijeni ya kumweka hai, haidrojeni ya kuirusha merikebu, madini ya kutengenezea vilivyovunjika. Na kila kimoja chataka mahali pake. Basi baada ya saa chache kila mchezaji hufika pale pale: merikebu imejaa, na mbele ya macho yake ipo mali nzuri asiyo na pa kuiweka.

Hapo ndipo mchezo uanzapo kweli. Aweza kutupa cha zamani ili achukue kipya. Aweza kwenda kwenye kituo cha biashara akauze. Walakini akiuza vingi vya namna moja mahali pamoja, bei huanguka, kama vile bei ya kabichi za Mgeta ianguka siku malori yote yateremkapo pamoja. Aweza kununua kijumba kipya cha vazi lake, na kila kijumba humgharimu zaidi ya kile kilichotangulia. Aweza kulipanua tumbo la merikebu yenyewe, au kuiacha akatwaa merikebu ya mizigo, ambayo si hodari wa kugeuka, lakini yachukua shehena kubwa. Akijenga nyumba katika sayari, aweza kuweka humo makasha 10 yenye namba, tangu 0 hata 9. Mwisho hupata merikebu kuu, mfano wa meli ya baharini, ibebayo merikebu nyingine ndani yake. Na hiyo nayo ina ghala la kupanuliwa.

Kijana mmoja aliyetuonyesha mambo haya alitufungulia makasha yake. Ndani mlikuwa na vitu ambavyo yeye mwenyewe hakukumbuka aliviokota kwa nini. Alisema ya kwamba hapo kwanza aliwaza, Nikipata nafasi kidogo tu nitatosheka. Na kila alipoipata akaijaza, kisha akawaza vile vile tena. Alisema maneno hayo akicheka, wala hakuonekana kuona haya. Lakini jambo lingine alilosema lilitupendeza zaidi. Alisema wachezaji wa siku nyingi huchukua vitu vichache kuliko wanafunzi. Wamekwisha kujua ni kipi kipatikanacho popote, nacho hakuna haja ya kukibeba. Ni kipi kikikosekana mtu hufa njiani. Na ni kipi chenye thamani kubwa katika mahali padogo. Mwanafunzi huogopa, kwa hiyo huchukua vyote.

Basi mwenye kusema kwamba katika mchezo huu pana choyo, hatumkatalii. Lakini atakubali naye ya kuwa pana mafunzo ya kupima haja, nayo si mafunzo haba. Tumeona wazee wa makamo, wasiogusa kompyuta maisha yao yote, ambao stoo zao zimejaa baiskeli zilizokufa, makopo matupu na saruji iliyoganda, wala hawawezi kutenganisha kilicho akiba na kilicho takataka.

Lakini tofauti kubwa iliyopo baina ya ghala la mchezo na ghala la kweli ni nyingine. Katika merikebu ile ya angani kitu hakiozi. Kijana aweza kuweka shehena yake katika kasha leo, akaenda shule mwaka mzima, akirudi aikute kama alivyoiacha. Hakuna panya, hakuna ukungu, hakuna mdudu, hakuna paa livujalo. Wana wa Israeli jangwani walipoiweka mana hata asubuhi, iliingia mabuu ikanuka. Mana ya mchezo huu haiingii mabuu kamwe. Na kwa sababu haiharibiki, wala hakuna jirani mwenye njaa katika nyota ile, kuikusanya hakumpunguzii mtu wala hakumwokoi mtu. Kwa hiyo hatuwezi kuyapima maghala ya duniani kwa kuyatazama yale ya mchezo tu. Yatupasa kupanda mlimani.

Wasomaji wa mbali na wajue ya kuwa Uluguru ni nchi ya mvua. Upande wa mashariki, uelekeao bahari, hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hukaa juu ya mashamba hata saa nne za asubuhi. Mvua hiyo ndiyo inayoulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa na watu wa Dar es Salaam. Ni baraka, walakini kwa mtu atakaye kukausha mahindi ni taabu. Mahindi yasiyokauka vema yakiwekwa hupata ukungu, na ukungu huo huzaa sumu iitwayo sumukuvu, isiyoonekana kwa macho wala kutoka kwa kupikwa. Wenzetu wa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, waliiona mwaka 2004: watu 317 waliugua, na 125 walikufa kwa kula mahindi yao wenyewe. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wazee wetu walijua dawa yao. Waliyaacha mahindi katika maganda yake, wakayapanga darini juu ya meko, moshi ukayakausha na kuwafukuza wadudu; na nafaka nyingine waliitia katika vihenge vilivyosilibwa kwa udongo. Ndivyo ilivyokuwa hata mwisho wa miaka ya 1970, alipoonekana katika nchi ya Tabora mdudu mgeni, dumuzi, ambaye kwao ni Amerika ya Kati. Watu walimwita Scania, kwa jina la yale malori makubwa. Hutoboa punje, gunzi, hata mbao na muhogo mkavu, na nyuma yake huacha unga mtupu. Mahindi yenye maganda, ambayo wadudu wa zamani waliyala kidogo kidogo, kwake yeye ni karamu. Wakulima walifundishwa kuacha desturi ya wazee, wapukuchue mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga. Ndivyo darini palivyokoma kuwa ghala katika nyumba nyingi, na mahali pake pakaja gunia chumbani, na hesabu ya dawa ya kununua.

Sasa mtazameni mkulima huyu mwezi wa saba. Mahindi yake yamo ndani. Anadaiwa sare za shule, anadaiwa na duka, na mgonjwa yuko hospitali. Dumuzi ameanza kutoboa. Mchuuzi amekuja na lori lake barabarani, na bei aliyo nayo ni ya chini, maana kila mtu auza. Mkulima auza. Mwezi wa pili, wakati wa palizi, ndipo anunuapo mahindi dukani kwa bei ya juu, na pengine ni yale yale aliyoyauza, yamesafiri hata mjini na kurudi. Mtu huyu hakukosa bidii, wala hakukosa akili. Alikosa ghala. Tena twasema wazi jambo ambalo wanaume hawalipendi: mahindi yakiwa ndani ya kihenge, mama wa nyumba ndiye ayapimaye, yakigeuka kuwa fedha mwezi wa saba, mama hana kipimo tena. Katika nchi ya Waluguru, ambapo shamba hurithiwa kwa ukoo wa mama, hilo ni jambo la kufikiriwa.

Mtu kama huyu akija kanisani siku ya Bwana, akahubiriwa habari za tajiri mpumbavu na maghala yake, ajifunze nini? Atarudi nyumbani akiamini ya kuwa kuweka akiba ni kukosa imani, na kwamba lori la mchuuzi ni njia ya mtakatifu. Twawasihi walimu na wainjilisti waisome habari ile tena polepole. Tajiri yule alikuwa na maghala tayari. Shamba lake lilizaa sana, nasi hatusikii neno juu ya waliolilima wala waliovuna. Afanya shauri na nafsi yake, aiuliza nafsi yake, aijibu nafsi yake, na aiahidi nafsi yake raha. Katika maneno yake yote hakuna mtu wa pili. Hatuoni palipoandikwa ya kuwa kosa lake ni mbao na mawe ya ghala. Ghala lake lingeweza kuwa dogo kama kikapu, na upumbavu ukawa ule ule.

Labda mtu atasema: Kumbe mwaitetea akiba, basi akiba yote ni njema, na Yusufu wa Misri ni shahidi yenu. Naam, Yusufu aliweka sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, na katika miaka saba ya njaa watu waliishi. Kila mara habari hii husomwa hata hapo, kisha kitabu hufungwa. Lakini habari yaendelea. Watu walipokuja ghalani walitoa fedha zao. Fedha zilipokwisha walitoa mifugo. Mifugo ilipokwisha walitoa mashamba na miili yao, wakawa watumwa wa Farao. Ghala liliwaokoa na kifo, na ghala lile lile likawatwaa. Sisi hatumlaumu Yusufu, maana hatukuwapo. Ila twaona ya kuwa ghala moja la nchi nzima, lenye ufunguo mmoja na bwana mmoja, ni kitu cha kutisha hata mikononi mwa mtu mwema.

Mkoa wetu una kumbukumbu yake juu ya jambo hili. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza vita juu ya walanguzi na wahujumu wa uchumi. Bidhaa zilikuwa zimeadimika, sabuni, sukari, khanga. Na wako waliozificha ili bei ipande. Watu wengi walifurahi maghala ya siri yalipofunguliwa. Lakini wazee hukumbuka pia jinsi wengine, kwa hofu ya kukutwa na katoni chache za sabuni, walivyozitupa usiku vichakani na mitoni. Mwenye duka aliyeweka akiba ya mwezi mmoja alimwogopa polisi sawasawa na mlanguzi aliyeficha shehena ya lori. Uhaba wenyewe ulikuwa na sababu nyingi, vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame, na mashirika yaliyoshindwa kazi; wala si kila ghala lililojaa lilikuwa na mwizi ndani. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, huku huku Morogoro, karibu na Dakawa, na chuo kikuu cha kilimo cha mji wetu chaitwa kwa jina lake. Twamkumbuka kwa heshima. Tena twaona ya kuwa swali alilolishika ni gumu kuliko sheria iliyotungwa kulijibu: kwa alama gani mtu aweza kuijua akiba na kuijua hila, ikiwa zote mbili ni magunia katika chumba chenye giza?

Alama mojawapo, kwa maoni yetu, ni kumtazama abebaye.

Katika mchezo ule wa angani mtu akiongeza kijumba kimoja, hakuna shingo iumayo. Lakini nchi hii iliwahi kuwa na safari za shehena kabla ya motokaa na gari la moshi, na njia yake kubwa kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita hapa, chini ya Uluguru, penye mji wa Simbamwene. Katika masika ya mwaka 1871 Mwingereza Henry Stanley alipita humo akienda kumtafuta Livingstone. Yeye naye alikuwa na taabu ya mchezaji: achukue nini katika nchi asizozijua? Shanga za rangi hii zilipendwa kabila moja na kukataliwa na la pili. Merikani ilitakiwa huku na kaniki kule. Waya wa shaba ulikuwa fedha ya mbali zaidi. Akikosea hesabu, mzigo mzima haununui hata kibaba cha mtama. Alikusanya mali ya uzito wa ratili 11,000 hivi. Na ghala la shehena ile lilikuwa nini? Vichwa na mabega ya wanaume. Kila mpagazi alichukua kama frasila mbili, yaani ratili 70, kwa mwezi baada ya mwezi, katika matope ya Makata na jua la Ugogo. Bwana wa safari alipoamua kupanua ghala lake kwa kijumba kimoja, maana yake ilikuwa mtu mmoja zaidi chini ya mzigo. Wengi katika safari hizo walikufa kwa homa na ndui, majina yao hayakuandikwa.

Nasi tusidhani ya kuwa mambo hayo yamekwisha kabisa. Pikipiki sasa hupanda hata vijiji vingi vya juu, na bei ya kupanda ni kwa gunia. Lakini viko vitongoji vya Uluguru ambavyo njia yake ni ya miguu tu, na humo kila kilo ya ndizi, ya mahindi, ya mdalasini, huteremka juu ya kichwa cha mwanamke. Kwa hiyo mtu atakapo kujenga ghala la kijiji, swali la kwanza si ukubwa wake. Swali ni mahali pake. Likijengwa barabarani, kwa kuwa lori lafika hapo na wakubwa wataliona wapitapo, mama wa kitongoji cha juu hubeba mara mbili: huteremsha mavuno yake mwezi wa saba, na kupandisha chakula mwezi wa pili. Ghala dogo la juu lingempunguzia safari moja. Tumewahi kusikia watu wakibishana siku nzima juu ya mabati na upana wa mlango, wala hakuna aliyeuliza mlango ule uelekee wapi.

Siku hizi mna njia ambazo baba zetu hawakuzijua, na twaona ni wajibu wa walimu wa makanisa kuzijua, maana wao huaminiwa. Iko mifuko ya tabaka tatu, ambayo watu huiita kinga njaa: mifuko miwili ya nailoni ndani, na gunia la kawaida nje. Hakuna dawa inayotiwa. Mkulima hutia mahindi makavu, hukamua hewa, hufunga mfuko wa ndani kwa nguvu, kisha wa pili, kisha gunia. Na wadudu waliomo, wakiisha kuimaliza hewa, hufa kwa kukosa pumzi. Ufundi huu ulibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Kamerun. Hasara yake ni kwamba panya akitoboa, kazi yote imeharibika. Na juu ya panya, chuo chetu cha Sokoine kina wataalamu waliowachunguza miaka mingi. Tena mfuko haukaushi mahindi mabichi, bali huyaozesha. Kuyajaribu ni rahisi: chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na chumvi iliyokauka vema, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na ubavu wa chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, yamekauka. Jaribio hili halihitaji shahada ya chuo.

Tena iko njia ya stakabadhi za ghala, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Mkulima huleta mazao yake katika ghala lenye leseni, yakapimwa, akapewa hati. Hati hiyo yaweza kumpatia mkopo wakati angojapo bei. Ni shauri zuri. Ila ghala hilo nalo ni la watu wengi na ufunguo ni wa wachache, na malipo yakichelewa, mkulima mwenye shida ya leo humwendea tena mchuuzi wa lori. Sisi twadhani njia hiyo yamfaa zaidi mwenye ufuta au korosho za kuuza, kuliko mama mwenye magunia manne ya kula. Wa pili apewe mifuko minne na chumba kisichovuja. Hapo amepanua ghala lake, wala asisikie aibu.

Kwa habari ya vijana, basi, hatuwashauri walimu kuukataza mchezo ule kwa sababu ya ghala. Kama kijana hutumia usiku kucha, hilo ni neno la usingizi na masomo, lisemwe kwa jina lake. Lakini juu ya shehena, yafaa kukaa naye na kumwuliza, kwa upole, ni kitu gani katika makasha yale ambacho angekitupa leo bila kuumia, na kwa nini hajakitupa. Kisha aulizwe kama ajua magunia mangapi ya mahindi huisha nyumbani kwao kwa mwaka, na yamewekwa wapi, na ni nani aliyeyabeba. Tumewauliza vijana wachache hivyo. Hesabu za merikebu walizijua zote hata mwisho. Za nyumbani walikwenda kumwuliza mama.

Limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi wenyewe. Kila mwaka katika sikukuu ya mavuno Wakristo huleta madhabahuni mahindi, ndizi, maharage, kuku na mayai; na baada ya ibada, mbele ya kanisa, hufanywa mnada. Ndizi na mayai hayana la kungoja, yauzwe. Lakini mahindi nayo huuzwa siku ile ile, katika majuma ambayo bei ni ya chini kuliko yote, na pengine mnunuzi ni mchuuzi yule yule wa lori. Mwezi wa pili, wajane wa usharika huo huo huja kwa mchungaji kuomba debe, na mfuko wa usharika hauna fedha ya kulinunua. Twapendekeza ya kwamba sharika za mlimani zijaribu mwaka huu kuweka sehemu ya mahindi ya mavuno, mathalani magunia 10, katika mifuko ya tabaka tatu, ndani ya chumba kimoja kikavu, mpaka wakati wa palizi. Kisha wauziwe watu wa kijiji, wawe Wakristo au Waislamu, kwa bei ya katikati, na wasio na kitu wapewe. Chumba kiwe na kufuli mbili, na funguo zikae katika nyumba mbili zisizo za ndugu. Moja, kwa shauri letu, ikae kwa mama wa kitongoji cha juu kabisa, kwa kuwa yeye ndiye atakayeona taabu ya kushuka bure.